Wasukuma hawakuitwa hivyo kwa sababu ya kusukuma

Utasikia mtu akieleza kwa uhakika kabisa kwamba Wasukuma wamepata jina lao kutokana na kusukuma mikokoteni, au ng'ombe. Maelezo hayo yanavutia sikio la Mswahili, lakini si ya kweli.

Katika Kisukuma na Kinyamwezi, lugha mbili zinazokaribiana sana, *sukuma* ni kaskazini. Kusini ni *dakama*, mashariki ni *kiya*. Basi Wanyamwezi wa Tabora wakiwatazama ndugu zao wa upande wa Ziwa Victoria, waliwaita Basukuma, yaani watu wa kaskazini. Wao nao waliwajibu: ninyi ni Badakama. Ndiyo maana jina hili lilikuwa la kuhamahama. Ulikuwa Msukuma au Mdakama kutegemea aliyekuita alisimama wapi. Mimi naona hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe: jina la mojawapo ya makabila makubwa kabisa Tanzania lilianza kama maelekezo ya njia tu.

Wanyamwezi nao walibatizwa na wengine. Watu wa pwani ndio walioeneza jina hilo wakati wa misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, na wengi hulihusisha na magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana.

Wakati wa utani, mtanie Msukuma upendavyo. Ila mtoto akikuuliza maana ya jina, mwambie kaskazini.