Bega kwa bega mtaumizana

Jumanne usiku nimeletewa ujumbe wa sauti mwingine. Dakika tatu na ushee, mume anaongea, mke anasikika kwa mbali akiosha vyombo. Wamejiandikisha wote wawili kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, na wamekubaliana kwamba kuanzia sasa hadi siku ya mbio tizi ni bega kwa bega. "Mwalimu, hatutaki kuachana hata hatua moja. Si ndiyo maana ya kufanya pamoja?"

Hapana, siyo. Swali hili nimelijibu stendi, nimelijibu msibani, nimelijibu nikiwa nimevuliwa shati napimwa presha. Leo naliandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki tu.

Sina ugomvi na ndoa za watu, mimi mwenyewe nina ya kwangu. Nawafundisha wakimbiaji wa kawaida hapa Moshi: walimu, manesi, wafanyabiashara, wastaafu wawili watatu. Kila mwaka ikifika Novemba wanaanza kuja wakiwa wawili wawili. Na kila mwaka, katikati ya Januari, mmoja wa wale wawili anachechemea. Si lazima awe mke, ila mara nyingi ni yule mwenye mwendo mdogo, na chanzo ni kilekile.

Mwaka jana niliwasindikiza mume na mke fulani kwenye Msitu wa Rau. Napapenda pale kwa kivuli na kwa sababu ni tambarare. Nikakaa nyuma yao kama mita kumi, nikawa naangalia miguu. Mume alikuwa mbele kwa nusu hatua. Nusu tu, bega lake limetangulia bega la mkewe kwa upana wa kiganja. Mke akawa anaongeza kidogo ili wawe sawa. Wakiwa sawa, mume bila kujua anasogea tena. Tulipita kilomita ya kwanza kwa dakika 7 na nusu. Ya nne tukaipita kwa 6 na sekunde 40, na hakuna kati yao aliyekuwa ameamua kuongeza kasi. Ukiwauliza wote wawili watakuapia kwamba walikuwa wanakwenda mwendo wa mwenzake.

Nikawafikia. Nikamwambia mume, nieleze jana kazini kulikuwaje. Akaanza: bosi alichelewa, jenereta likagoma, fundi akaja na spana isiyo yenyewe, akasimulia mpaka nikajuta kuuliza. Nikamgeukia mke: shemeji, machalari, zile ndizi za nyama, unapikaje? Akasema, "Unamenya... ndizi." Akavuta pumzi. "Halafu..." Akanionyesha kwa mkono kwamba tutaongea baadaye.

Hicho ndicho kipimo changu, na sijaona saa ya mkononi inayokishinda. Mwendo mwepesi ni ule unaoweza kumweleza mtu upishi wa machalari tangu kumenya hadi kupakua, kwa sentensi nzima nzima. Anayejibu "ndiyo" au kutikisa kichwa ameshatoka kwenye mwepesi. Saa nyingi zinapiga hesabu ya 220 utoe umri, kwamba mtu wa miaka 42 moyo wake hauvuki mapigo 178 kwa dakika. Hiyo ni wastani tu. Watu wawili wa umri huo wanaweza kupishana mapigo ishirini na wote wakawa wazima. Halafu mtu ananiletea skrini ya simu, ananiambia, "Mwalimu, inasema niko kijani." Kijani gani na wewe huwezi kutamka neno "kijani"?

Sasa tusogee kwenye kinachoniudhi hasa. Watu wanadhani mwenye kasi akimvuta mwenzake, mwenzake anapanda. Anapanda kweli, wiki tatu. Wiki ya nne mwili unaanza kudai. Maana kilichotokea ni hiki: tizi nne za wiki, ambazo tatu zilitakiwa ziwe nyepesi, kwa mume zimekuwa nyepesi zote na kwa mke zimekuwa ngumu zote. Wameandika programu moja ukutani, wakafanya programu mbili tofauti. Mume anashangaa mbona mwenzake ana hasira, analala vibaya, anaamka mapigo yako juu, ugoko unauma akishuka ngazi. Anamwambia ajikaze. Mtu anayehitaji siku mbili za kulala, mwenzake anampa moyo.

Wakimbiaji wakubwa hawafanyi hivyo. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 alitumia saa 2:09:48, yaani kama dakika 3 na sekunde 5 kila kilomita. Mwendo ule ni wa siku ile. Nenda Arusha asubuhi ambayo wakimbiaji wa kiwango hicho wana tizi nyepesi, utawakuta wanakwenda taratibu mpaka wewe mwenye kitambi unapata tamaa ya kuwafuata. Wao wanaojua wanajizuia, sisi tunaolipia namba ya kifua mara moja kwa mwaka tunakaza kila siku.

"Basi Mwalimu, mwenye kasi amfuate mwenye mwendo mdogo." Ndiyo, mara moja kwa wiki, na iwe siku ya mwenye kasi kupumzisha miguu. Hapo kanuni ni moja: yeye anakaa nyuma, si pembeni. Nyuma kabisa, aone visigino. Akikaa pembeni bega litatangulia tu, nimeliona hata kwa watu wenye nia safi. Vitabu vinasema kwenda polepole hakumdhuru mtu, na kwa wengi ni kweli. Lakini nimekuwa na wanaume wawili watatu wenye miguu mirefu ambao wakifupisha hatua kwa saa nzima nyonga zinalalamika kuliko wangekimbia mwendo wao. Kwa hiyo siwapi kazi hiyo kwenye mbio ndefu ya Jumapili. Nawapa Jumatano, dakika arobaini, basi.

Siku nyingine ninachowapa ni nenda-rudi ya saa, si ya kilomita. Mnatoka getini pamoja. Kila mtu anakwenda mwendo wake mwepesi. Dakika ya 30 ikigonga, popote ulipo, unageuka. Mume wa dakika 6 kwa kilomita atakuwa amefika kilomita ya 5. Mke wa dakika 7 na nusu atakuwa kwenye ya 4. Wote wakirudi kwa mwendo uleule walioendea, wanafika getini dakika ileile ya 60, mume na kilomita zake 10, mke na 8, na hakuna aliyemsubiri mwingine akijinyoosha kwa kejeli. Uzuri wake mwingine ni kwamba inamfichua mwongo. Aliyetoka kwa mbwembwe atarudi kachelewa, na mwenzake atakuwa amekaa kwenye ngazi anakunywa maji.

Ila msiifanye barabara ya Mweka. Kule unakwenda unapanda, unarudi unashuka, hesabu haikai. Tafuteni tambarare: Rau, au barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC asubuhi kabla jua halijaanza kuwachoma. Mweka nendeni kwa sababu nyingine, kwamba njia ya nusu marathoni yenyewe inapanda huko. Nusu ya kwanza karibu yote ni mlima, kisha mnateremka kurudi Uwanja wa Ushirika. Na mteremko, ndugu zangu, ndio unaoua mapaja. Kila mwaka watu wanajiandaa kupanda, hakuna anayejiandaa kushuka. Fanyeni mteremko mara chache, kwa hatua fupi, na siku inayofuata mtembee tu.

Naongea kama vile mume ndiye mwenye kasi daima. Sivyo. Kwenye kundi langu sasa kuna wawili ambao mke anamwacha mume mbali, na hao wana kazi kubwa zaidi, kwa sababu mke akitangulia mume anapata jeraha la ghafla. Goti limekaza, kamba ya kiatu imefunguka, simu imeita. Mmoja wa waume hao nilimwambia ukweli: baba, wewe kasi yako ni nzuri kwa mtu aliyeanza mwezi wa kumi, mkeo anakimbia tangu sekondari. Alinuna wiki moja. Akarudi.

Mambo mawili nayapita haraka, maana si fani yangu, ila lazima yasemwe. Mke akichoka kuliko tizi inavyostahili, apimwe wingi wa damu kabla hamjamwita mvivu. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, inazuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage. Isogezeni saa moja au mbili. La pili, mama aliyejifungua akivujisha mkojo akikimbia, asiambiwe ndivyo ilivyo. Kuna mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana mkojo, na kuna wataalamu wa fiziotherapia. Amwone mmoja kwanza, 21 zitamsubiri.

Halafu kuna ile sheria ya asilimia kumi, usiongeze jumla ya mbio zako za wiki zaidi ya hapo. Naifundisha, na nakiri sijui naifundisha kwa nini, zaidi ya kwamba nami nilifundishwa hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwagawa watu waliokuwa wanaanza kukimbia makundi mawili, moja likaongeza taratibu kwa asilimia kumi kwa wiki 13, lingine likafuata programu ya kawaida ya wiki 8. Waliopata majeraha walikuwa karibu sawa, kama mmoja kati ya watano kila upande. Nimebaki nayo kwa sababu inawapunguza kasi wale wenye pupa. Kama ni sayansi au ni breki, kwangu ni breki.

Na kuna jambo jingine siku hizi silitetei kwa nguvu kama zamani. Nimewahi kuwa na wanandoa waliokiuka kila nilichoandika hapa. Bega kwa bega miezi mitatu, mke anahema, mume anachonga njia nzima. Wakamaliza wazima, wanacheka, kwa saa 2 na dakika 31. Nilipekua daftari langu nitafute kilichowaokoa. Nilichokiona ni kwamba walikuwa wanatoka mara tatu tu kwa wiki na wanapata usingizi wa saa nane na nusu kila usiku, maana watoto wote wako bweni. Labda usingizi ulilipa deni la kila kitu. Usimwambie mtu nimesema hivyo.

Hapo ndipo nilipo mimi kuhusu neno "pamoja". Wenye watoto wadogo, pamoja yenu haiko barabarani, iko jikoni saa kumi na moja alfajiri. Nani anabaki na mtoto Jumapili? Nani anaamka kuchemsha uji? Mwaka ule mke wangu alipojiandaa, nilikuwa namwandikia programu nzuri, nzuri kabisa, imepigwa rangi. Jumapili moja nikamsindikiza, nikawa mbele nusu hatua kama kawaida ya wenye elimu. Kilomita ya 9 akasimama. Akaniambia, "Baba watoto, nenda zako." Nikadhani ni hasira za njaa. Akaendelea: wiki ile alikuwa ameamka mara nne usiku kwa mtoto, mimi sijaamka hata moja, na hakuna rangi ya kwenye programu iliyoonyesha hilo. Nikarudi nyumbani kwa bodaboda, yeye akamaliza 14 zake peke yake. Kuanzia wiki ile nikachukua usiku wa Jumamosi. Hakuna tizi niliyompa iliyomwongezea kasi kama ule usiku mmoja wa kulala.

Kwa hiyo wale wa ujumbe wa sauti nimewajibu hivi: Jumatano pamoja, mume nyuma. Ijumaa nenda-rudi. Jumapili kwa zamu, mmoja anatoka alfajiri, mwingine akirudi wa kwanza, au bibi aje kulala Jumamosi. Kuhusu siku ya mbio, amueni mezani kama mnakimbia pamoja au kila mtu na lake, na mkiamua msibadilishe kwenye kilomita ya 15. Kuna mtu nilimwona anamwambia mkewe pale kwenye mteremko, "Ngoja nikawahi kidogo," baada ya kumwahidi miezi mitatu. Sitaki kusimulia walirudije Dar es Salaam kwenye gari moja.

Mke ndiye aliyejibu, siyo mume. Ameuliza kama kwenye Jumatano ile anaweza kumkataza mumewe kuongea. Nimemwambia hapana, anatakiwa aongee yeye, na nimempa zoezi la machalari. Amesema kwao wanaanza na nyama, ndizi baadaye. Mume kwa mbali nikamsikia anabisha.