Tarehe kwenye trei ya mayai: kwa nini wino hautulii

Chukua trei ya mayai 30, igeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Upande mmoja ni laini kiasi, mwingine una alama za wavu kama mkeka. Wavu huo unakueleza trei ilivyozaliwa. Magazeti na maboksi chakavu yalilowekwa na kusagwa yakawa rojo, kalibu lenye wavu likazamishwa humo, pampu ikanyonya maji, nyuzi zikabaki zimeshikana, kisha zikakaushwa. Ufundi huu ni wa zamani. Mmarekani Martin Keyes alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1903. Hapa kwetu, tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania kufuata Juni 2019, wafugaji na wasindikaji wanaotujia kuulizia vifungashio vya rojo la karatasi wamekuwa wengi. Wakishaulizia bei, swali linalofuata huwa ni moja: nichape vipi tarehe na namba ya bechi?

Wengi hufikiria wanatafuta printa. Mimi huwaambia waniletee trei kwanza.

Printa za inkijeti hazigusi kitu zinachokichapa. Zinarusha matone madogo ya wino hewani, na tone likisafiri mbali linapoteza shabaha. Printa ndogo za katriji, ambazo ndizo nafuu, zinataka uso uwe karibu sana, milimita 1 au 2 hivi. Ukifika milimita 5 herufi zinaanza kuvimba na kuota ndevu. Sasa trei ikitoka kwenye kikaushio huwa imepinda kidogo, kona moja juu, nyingine chini. Ukisogeza kichwa cha printa karibu, trei inakigonga. Ukikirudisha nyuma, tarehe inapotea. Zipo printa zinazorusha wino mfululizo, zile kubwa zinazochapa chupa za maji na soda. Hizo zinavumilia umbali wa sentimita moja au zaidi, na kwa trei ya kawaida, yaani isiyonyooshwa kwa kubanwa kwenye kalibu la moto, ndizo ninazopendekeza, ingawa bei yake inauma. Lakini wino wake mwingi una viyeyushi vinavyoshika moto haraka na vyenye harufu kali, na ganda la yai lina maelfu ya vitundu vya kupumulia. Chapa trei tupu, mahali penye hewa ya kutosha, uiache ikauke na harufu iishe kabla yai halijawekwa.

Tone likishatua, kazi inahamia kwa nyuzi. Kila uzi wa karatasi ni utambi wa kibatari: unavuta wino pembeni kabla haujakauka. Wino wa maji ndio unaotawanyika zaidi. Tazama tarakimu 6 au 9 kwa kioo cha kukuzia: tundu lake limejaa, imekuwa 8. Bechi iliyotakiwa kuisha tarehe 6 sasa inasomeka 8, na mama muuza duka hana namna ya kujua. Kipimo rahisi hakihitaji maabara. Dondosha tone la maji juu ya trei na uhesabu. Likizama papo hapo, wino wa maji utakusumbua. Likikaa kama tone juu ya jani la mgomba, kiwanda kimetia dawa ya kuzuia unyonyaji na una nafasi nzuri. Zungumza na mtengenezaji wa trei kuhusu dawa hiyo. Na mwombe akuachie bapa dogo kwenye kalibu, sehemu tambarare ya upana wa vidole viwili. Bapa hilo litakusaidia kuliko printa ya bei mbaya.

Wapo wanaoshauriwa kutumia wino unaokaushwa kwa miale ya urujuanimno (UV). Kwenye plastiki unafaa sana. Kwenye rojo unazama katikati ya nyuzi, mahali miale haifiki, ukabaki mbichi. Novemba 2005 Italia ilizuia mamilioni ya lita za maziwa ya watoto wachanga yaliyokutwa na ITX, kemikali ya kuanzisha ukaukaji wa wino wa namna hiyo. Ilitoka kwenye chapa ya nje ya boksi. Karatasi ya boksi ikiwa bado imeviringishwa, upande uliochapwa unalala juu ya upande utakaogusa chakula. Trei nazo hupangwa hivyohivyo, mgongo wa moja ndani ya tumbo la nyingine.

Vumbi usilisahau. Trei inapukutisha nyuzi, na nozeli yenye tundu jembamba kama unywele inaziba kwa uzi mmoja. Mstari mweupe unaokata katikati ya herufi mara nyingi ni nozeli iliyoziba. Brashi laini na hewa kabla ya kichwa cha printa vinasaidia, na kufuta nozeli kuwe kazi ya kila zamu.

Kwa msimbopau ninakuwa mkali zaidi. Rangi ya kijivu ya trei inapunguza tofauti kati ya mistari na nafasi zake, na wino ukitanuka nafasi zinajifunga. Wino mwekundu usiutumie kabisa, kwa kuwa skana nyingi za dukani zinamulika kwa mwanga mwekundu na hazitauona. Bandika lebo ya karatasi, basi.

Linaloniumiza zaidi ni trei zinazorudi. Kwetu trei huzunguka, mayai mapya yakawekwa chini ya tarehe ya mwezi uliopita, na virusi vya mdondo, ugonjwa wa kuku, vikasafiri kutoka banda hadi banda. Hapo hakuna wino wa kukuokoa. Kama unarudisha trei, weka tarehe kwenye yai lenyewe kwa wino unaoruhusiwa kwa chakula. Umoja wa Ulaya umelazimisha namba ya mzalishaji kwenye ganda tangu 2004.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji wa printa achape trei zako 30, si zake za maonyesho. Zipange zikibebana, ziache wiki nzima kwenye stoo yako, na kama uko Tanga au Mombasa fanya hivyo wakati wa masika. Kisha mpe mtu ambaye hakuwepo zikichapwa, asome tarehe kwa sauti.