Mgeni njoo, ila usiniambie shamba ni chafu

Kila kundi linaloletwa kwenye shamba letu la mfano la kilimo hifadhi hapa Dodoma halimalizi mistari mitatu ya mtama kabla mtu hajasema: "Bwana shamba, mbona pachafu hivi?" Msimu huu nimelisikia hilo hadi limenichosha, basi nianze nalo.

Dhana ya kwanza: shamba safi ndilo la mkulima hodari. Huo mnaouita uchafu ni matandazo, mabua niliyohangaika kuyalinda yasichomwe wala kuliwa na ng'ombe wa kijiji. Wengi wa huku tumekulia kwenye kuberega: unafyeka, unakusanya, unachoma, unapanda. Babu zetu shamba likichoka walihamia jingine. Sisi tuhamie wapi? Ardhi tupu hupigwa na matone hadi uso unashikana kama sakafu iliyosiribwa, na mvua inayofuata inakimbilia korongoni na samadi yako. Huku ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 700, hicho ni chakula kinachoondoka.

Siku hizi sibishani. Naweka glasi mbili za maji na madonge mawili makavu, moja la hapa, jingine la shamba la pili linalochomwa kila mwaka. Udongo ni uleule, tumetenganishwa na njia ya miguu tu. Donge la kule linatoa mapovu, linameguka, mara glasi nzima ni tope. La kwetu linakaa, na maji unaona hadi chini. Linashikwa na vijizizi, nyuzi za kuvu na ute wa vijidudu, na vijidudu hivyo chakula chao ni hayo mabua mnayotaka kuyatia kiberiti.

"Matandazo yanaleta mchwa." Mchwa wapo siku zote. Wanapenda kilichokauka, ukiwanyima mabua, wanapanda kwenye mahindi yaliyosimama.

"Kumbe ni kutolima tu." Hapana! Ukiacha kulima ardhi tupu iliyoshikana, utavuna njaa. Vunja kwanza lile tabaka gumu, au chimba mashimo ya Chololo, yale madogo ya kupandia yanayokinga maji ya mvua, upana sentimita 22 hivi, kina 30, utie samadi iliyooza. Katikati ya mistari panda kunde au fiwi. Mimi ni mtu wa fiwi: hutambaa na kufunika ardhi hata mvua zikiisha.

"Mbolea ya dukani ni mwiko." Nani kasema? Kidogo kwenye shimo inasaidia, hasa msimu wa kwanza, maana vijidudu vinavyoozesha mabua hugombania naitrojeni na mahindi, majani yakawa njano. Wengi hukata tamaa hapo.

"Udongo ukifa haurudi." Nendeni Kondoa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye vilima vilivyoliwa na makorongo. Iliwaumiza wafugaji, lakini uoto ulirudi. Shambani kwako hauhitaji kumfukuza mtu. Kisiki kikichipua usiking'oe, acha machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine pogoa.

Ukija kututembelea, beba donge kavu la udongo wa kwako. Glasi zipo.