Eti bodaboda halipii barabara?

Jana pale kijiweni Mwanjelwa, Mbeya, watu wamebishana weee, mmoja anasema wabunge waache kulilia lami walete viwanda vijana wapate ajira, mwingine anajibu bila barabara kiwanda kitaleta mzigo kwa punda, mara mzee mmoja akawakata kauli, "nyie bodaboda kelele za nini, barabara wanalipia wenye mishahara, nyie hata kodi hamlipi."

Hapana jamani, hiyo sio kweli kabisa na inaniuma maana watu wanainyamazia. Kila lita ya petroli unayoweka pale Uyole ndani yake kuna tozo ya mafuta, na hiyo ndiyo inayolisha Mfuko wa Barabara, sehemu kubwa inaenda kwenye matengenezo, kuziba mashimo, kuzibua mitaro, kupitisha greda. TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, wanashika barabara kuu na za mkoa, TARURA, wakala mwingine walioanza 2017, wana zile za mitaani na vijijini.

Sasa mama anayeshusha gunia la viazi kutoka Isyonje hana hata TIN, ile namba ya mlipakodi, ila nauli ya Fuso aliyolipa imebeba dizeli, na dizeli imebeba tozo, kwahiyo kalipa. Lami mpya kubwa ni bajeti ya serikali na mikopo, lakini mikopo nayo inalipwa na kodi zetu hizihizi.

Kwahiyo ukienda mkutano wa mtaa uliza kwa sauti, mtaro wetu utazibuliwa lini na vibarua watatoka wapi, unaulizia hela yako.