Je, wajua kwa nini Apache hugoma kuwaka kwenye kompyuta yako?

Mtu anayejifunza kutengeneza tovuti kwa PHP, akiwa na kompyuta yenye Windows, mara nyingi huanza na XAMPP, kifurushi cha bure kinachoweka kwa mkupuo mmoja seva ya Apache, hifadhidata ya MariaDB na lugha za PHP na Perl. Hubofya kitufe cha kuwasha Apache, jina la seva hugeuka rangi ya njano kwa muda mfupi, kisha hujitokeza maandishi mekundu yanayosema kwamba Apache imezimika ghafla, na kwamba huenda poti imezibwa, kuna kitu kinakosekana, ruhusa hazitoshi, au programu imeanguka. Kutajiwa sababu zote hizo kwa mpigo ni sawa na kutotajiwa hata moja, na ndiyo maana wengi hukimbilia kufuta XAMPP na kuiweka upya. Tatizo hurudi vilevile, kwa kuwa mara nyingi halimo ndani ya XAMPP hata kidogo.

Seva ni programu inayokaa ikisubiri maombi. Kivinjari kikiandikiwa `localhost`, hakiendi kwenye intaneti, bali huelekezwa kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo ni ya kompyuta kujirudia yenyewe. Kwa hiyo tovuti unayoijenga hufunguka hata kama bando limekwisha. Hata hivyo, anwani peke yake haitoshi, kwani ndani ya kompyuta moja kunaweza kuwa na programu kadhaa zinazosubiri maombi kwa wakati mmoja. Kila moja hujulikana kwa namba ya poti, kama maduka ya jengo moja yanavyojulikana kwa namba za fremu. Namba hizo zinaanzia 0 hadi 65,535, na kanuni ni kwamba poti moja kwenye anwani moja husikilizwa na programu moja tu. Aliyewahi ndiye mwenye nayo. Programu ya pili ikiiomba poti hiyohiyo, mfumo endeshi huikatalia, na Apache ikikataliwa hujizima.

Ugomvi mwingi huangukia poti 80, na chanzo chake ni cha zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tim Berners-Lee alipokuwa akibuni itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, iliwekwa kanuni kwamba anwani isiyotaja poti ichukuliwe kuwa inakusudia poti 80. HTTPS, toleo lake salama, baadaye ikapewa 443. Tangu hapo, programu yoyote inayotaka kufikiwa kwa kivinjari bila kumsumbua mtumiaji kuandika namba huzitamani poti hizo mbili, na Apache ya XAMPP huzitaka zote mbili kwa pamoja. Ikikosa hata moja, haiwaki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani ameishika poti, nalo lina jibu la uhakika. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, kisha andika:

`netstat -ano | findstr :80`

Mstari unaotafutwa hufanana na huu:

`TCP    0.0.0.0:80    0.0.0.0:0    LISTENING    4`

Sehemu ya `0.0.0.0:80` inasema kwamba kuna programu inayosikiliza poti 80 kwenye anwani zote za IPv4 (za muundo kama 127.0.0.1) za kompyuta hiyo, neno `LISTENING` linathibitisha kwamba inasubiri maombi, na tarakimu ya mwisho ni namba ya mchakato, yaani PID. Usishtuke amri hiyo ikileta mistari mingi, kwa sababu `findstr` hunasa pia 8080 na 8000, pamoja na miunganisho ya kivinjari chako kwenda kwenye poti 80 za seva za mbali, ambayo haizuii chochote. Kinachohesabika ni mstari ambao 80 iko kwenye safu ya anwani ya kwanza na wenye `LISTENING`. PID ikiwa, tuseme, 6120, amri ya `tasklist /fi "pid eq 6120"` itakutajia jina la programu. Matoleo ya zamani ya Skype yalikuwa mshukiwa maarufu, kwa sababu yalizitumia poti 80 na 443 kupokea miunganisho.

PID ikiwa 4, kazi huwa ngumu kidogo. Namba hiyo ni ya mchakato uitwao System, ambao ni moyo wa Windows wenyewe, na haiwezekani kuuzima kama unavyozima programu ya kawaida. Anayesikiliza pale ni HTTP.sys, kipande cha mfumo kinachopokea maombi ya HTTP kwa niaba ya huduma nyingine, kisha kukabidhi kila ombi kwa mwenyewe. Huduma hizo zinaweza kuwa IIS, ambayo ni seva ya wavuti ya Microsoft, au huduma ya ripoti ya SQL Server iliyowekwa na programu ya uhasibu ambayo wewe hukuijali. Amri ya `netsh http show servicestate` huonyesha anwani zilizoandikishwa kwa HTTP.sys na michakato inayozihudumia, na hapo ndipo mhusika wa kweli hujulikana. Kuna wanaoshauri njia ya mkato ya `net stop http`. Mimi siipendi, kwa sababu amri hiyo huzima pia kila huduma inayoitegemea HTTP.sys, ikiwemo ile inayosimamia foleni ya printa, na mtu akishindwa kuchapisha baadaye hawezi kukisia kwamba chanzo ni Apache.

Ujumbe wa XAMPP ukiwa hauridhishi, ingia kwenye `C:\xampp\apache\bin` kupitia dirisha la amri uiendeshe `httpd.exe` moja kwa moja. Apache sasa itasema yenyewe imekataliwa wapi, na itataja namba ya kosa. Kosa la 10048 maana yake ni kwamba anwani na poti hiyo tayari vinatumika. Kosa la 10013 ni tofauti: Windows imekataza, ama kwa sababu aliyeishika poti ameichukua bila kukubali mshirika, kama HTTP.sys inavyofanya, ama kwa sababu poti imo kwenye fungu lililotengwa na mfumo. Hali hii ya pili hutokea zaidi kwenye mashine zenye Hyper-V, teknolojia ya Microsoft ya kuendesha kompyuta pepe, nayo huwatatiza hata wazoefu, kwa kuwa `netstat` haionyeshi mtu yeyote kwenye poti na bado seva inakataliwa. Mafungu hayo huonekana kwa `netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp`.

Ukishamjua mwenye poti, una mambo mawili ya kuchagua. Kama ni IIS iliyowashwa bila sababu, izime kwenye orodha ya huduma za Windows. Kama ni kompyuta ya ofisi, ihamishe Apache. Katika faili la mipangilio ya Apache, `httpd.conf`, badili `Listen 80` iwe `Listen 8080`, na `ServerName localhost:80` iwe `ServerName localhost:8080`. Ikiwa 443 nayo imekaliwa, fungua `httpd-ssl.conf` lililo ndani ya folda ya `extra`, ubadili kila palipo na 443. Dirisha la kudhibiti XAMPP nalo lina mahali pa kuandika poti, na hapo wengi hupotea, wakidhani wameihamisha seva. Namba zile hutumiwa na dirisha hilo kwa ukaguzi wake tu; Apache husoma mafaili yake.

Hifadhidata hufuata kanuni ileile kwenye poti 3306, hasa kwa aliyewahi kuweka MySQL peke yake kabla ya XAMPP. Kwenye Linux, poti zilizo chini ya 1024 kwa desturi huhitaji haki za msimamizi, hivyo 80 inaweza kukataliwa hata ikiwa tupu. Kwenye Mac, tangu macOS Monterey ya mwaka 2021, kipokezi cha AirPlay, teknolojia ya Apple ya kurusha sauti na video kati ya vifaa, hukalia poti 5000, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya Flask, zana ya Python ya kujengea tovuti.

Hutokea pia kwamba seva inawaka na kivinjari hakiioni. Jina `localhost` linaweza kutafsiriwa kuwa 127.0.0.1 au kuwa `::1`, anwani ya IPv6 yenye kazi ileile. Seva ikisikiliza upande mmoja na programu ikabisha hodi upande wa pili, haitapata jibu. Watumiaji wa Node, programu ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari, waliliona hilo kuanzia toleo la 17 la Oktoba 2021, lilipoacha kuitanguliza IPv4. Jaribu `http://127.0.0.1:8080` kisha `http://[::1]:8080`, na tofauti itajionyesha.

Mwenye WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, ndani ya XAMPP ana hatua moja zaidi baada ya kuhama poti. WordPress huhifadhi anwani ya tovuti kwenye jedwali la `wp_options`, katika safu mlalo za `siteurl` na `home`, na zikibaki na `http://localhost/` ya zamani, viungo vya tovuti vitaendelea kumpeleka msomaji kwenye poti 80, kwa yule yule aliyeikalia. Fungua `localhost:8080/phpmyadmin`, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, na uongeze `:8080` mara baada ya `localhost` kwenye anwani zote mbili.