Juzi Lilikuwa Zima, Leo Linazima: Gari Lililobadilishwa Ekzosi Lichunguzwe Vipi

Sisi tunaofundisha umeme wa magari chuoni huletewa mara kwa mara gari la namna hii: juzi lilikuwa zima, likapelekwa kufungwa hedasi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) au kubadilishwa masega (kifaa cha ndani ya bomba la moshi kinachosafisha moshi), leo linazima kwenye foleni. Mwenye gari huwa ameshanunua plagi, wakati mwingine na pampu ya mafuta, na sasa ameambiwa tatizo ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Fedha zote hizo zimetumika mbali na mahali gari lilipoguswa. Ombi langu kwa wamiliki na kwa mafundi wenzangu ni moja: kabla ya kununua chochote, ulizeni siku ile ya kazi ya ekzosi, yaani mfumo wa bomba la moshi, kilifunguliwa nini, kikachomelewa nini, na kikarudishwa vipi.

Mwalimu mmoja wa sekondari alituletea Toyota IST yake. Masega ya zamani yalikuwa yameziba, akafungiwa kipande kipya cha mbele kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Asubuhi gari linawaka bila shida. Likishatembea kama dakika tano, akifika kwenye taa na kuachia mafuta, linatetemeka kisha linazima. "Likipoa linakuwa zuri tena," alisema. Kauli hiyo ilikuwa nusu ya jibu.

Injini ya petroli, ikishapata joto na kutulia, hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Kompyuta haiuoni mchanganyiko huo unavyoungua; inaunusa moshi wake kupitia sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega. Sensa ya kawaida hutoa kama volti 0.1 moshi ukiwa na oksijeni nyingi, na hupanda kuelekea 0.9 petroli ikizidi. Lakini haisomi vizuri mpaka ipate joto la nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi. Kabla ya hapo kompyuta hufuata vipimo vilivyowekwa kiwandani bila kuisikiliza. Kwa hiyo gari linalokwenda vizuri likiwa baridi na kuharibika likipata joto linakuelekeza kwenye sensa hiyo, au kwenye kitu kinachoidanganya.

Kinachoidanganya mara nyingi ni uvujaji. Wengi hudhani bomba likivuja moshi hutoka tu. Kumbe moshi hutoka kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine, na kati ya pigo na pigo presha ndani ya bomba hushuka kiasi cha kuvuta hewa ya nje iingie kwenye ufa. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mapigo yanaachana zaidi na hewa hiyo huathiri zaidi. Sensa inakutana na oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Kompyuta inaamini petroli ni kidogo, inaongeza. Inaongeza tena. Mwisho plagi zinakuwa nyeusi tii, harufu ya petroli inasikika nyuma ya gari, na injini inazimika kwa kushiba.

Hapa ndipo fundi mwaminifu kabisa hupotea. Anachomeka mashine ya kupimia, inampa kodi (namba ya hitilafu) P0171, maana yake mchanganyiko una petroli kidogo. Anashauri pampu mpya. Mashine haikukosea: imetaja kile sensa inachodhani. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu wasitoe hukumu kabla ya kufungua plagi. Mashine ikisema petroli haitoshi na plagi zikasema imezidi, tafuta ufa kati ya injini na sensa.

Kuupata hakuhitaji vifaa vya gharama. Gari likiwa baridi kabisa na liko nje, liwashe, kisha mtu aliyevaa glovu azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu. Msikilizaji aliye mbele atasikia mlio wa kuvuja. Maji ya sabuni kwenye maungio yataonyesha mapovu, na ufa uliokaa siku kadhaa huwa umeacha alama nyeusi ya masizi. Kwenye IST ile alama ilikuwa kwenye flanji, yaani bapa la kuungia mabomba: gasketi (kizibo cha katikati ya maungio) ya zamani, iliyokwisha kubanwa na kuchakaa, ilikuwa imerudishwa kwenye kipande kipya. Tuliweka gasketi mpya, tukafuta kumbukumbu ya kompyuta, tukasafisha plagi. Pampu ya mafuta aliyouziwa wiki iliyotangulia ilikuwa bado kwenye boksi lake, akairudisha dukani.

Si kila gari huwa na kisa hicho. Kuna linaloanza kuzima palepale linapotoka gereji, likiwa baridi au moto ni sawa, na hakuna taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi. Hapo uliza kama betri ilitolewa. Fundi wa kuchomelea anapaswa kuitoa, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu kompyuta na oltaneta inayochaji betri; kwa hilo hana kosa. Ila betri ikitoka, kompyuta nyingi husahau. Throtoli, yaani mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, ya gari lililotembea sana huwa na utando wa kaboni unaobana njia ya hewa, na kwa miezi kompyuta ilikuwa inajifunza kuongeza hewa kidogo kidogo ili injini isizime. Kumbukumbu ikifutika inarudi kwenye kipimo cha throtoli safi, na throtoli si safi. Isafishwe kwa dawa yake, kisha injini iachwe sailensa mpaka ipate joto la kawaida, AC iwashwe na kuzimwa mara kadhaa, ndipo gari liendeshwe taratibu. Baadhi ya Nissan zinahitaji kufundishwa kwa mashine. Hata hivyo gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kontroli boksi.

Kazi ya ekzosi pia hugusa vitu vya jirani. Mpira wa hewa kati ya sensa ya hewa na throtoli ukirudishwa bila kukazwa, hewa isiyopimwa inaingia. Waya wa sensa ukilala juu ya bomba unaungua, na kwenye magari kadhaa hita ya sensa inashiriki fyuzi moja na mfumo wa mafuta: fyuzi ikikatika, injini inakata ghafla kama imezimwa kwa ufunguo. Angalia pia kama sensa yenyewe ni ile ile. Toyota nyingi hutumia mbele sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, inayofanana sana kwa sura na ya oksijeni, lakini haisomi kwa namna moja. Ukifunga moja mahali pa nyingine, kompyuta inapotea.

Sensa ya nyuma ya masega niitetee kidogo, kwa kuwa husingiziwa mno. Kazi yake kubwa ni kukagua masega. Yakitolewa, itawasha taa na kodi P0420, lakini kwa kawaida haizimi gari. Gari lako likizima, usiridhike na jibu la "ni kwa sababu hakuna masega".

Na kuna kinyume cha uvujaji: kuziba. Kipande cha mtumba kinaweza kuwa na masega yaliyovunjika ndani, na vipande vikasukumwa mpaka nyuma. Gari hili linawaka, linatulia, lakini halivuti mlima na linazima likibebeshwa mzigo. Pima kwa geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini: usawa wa bahari, injini nzima ikiwa sailensa huonyesha kama inchi 17 hadi 21 za zebaki. Shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Mshale ukiendelea kushuka taratibu, bomba limeziba. Fundi wa Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, asitishike geji yake ikisoma inchi tano au sita chini ya ile ya Dar es Salaam. Ni hewa ya huko iliyo nyepesi.

Wakati uchunguzi unaendelea, likizima barabarani kumbuka kwamba breki itakuwa na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha itakuwa ngumu. Usiipige-pige, kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Usukani nao utakuwa mzito. Na kama unasikia mlio wa moshi mbele ya gari, usikae ndani na watoto vioo vikiwa vimefungwa huku injini ikiunguruma. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huanza kwa kichwa kuuma na usingizi, dalili ambazo mtu aliyechoka na foleni huzidhania uchovu. Fungua vioo, zima injini, shukeni, na gari lisibebe mtu mpaka maungio yakazwe.