Sio lazima umwage yote sesheni ya kwanza

Mimi natoa tiba ya kisaikolojia mtandaoni, na kila mteja mpya akiniandikia kabla hatujaonana kwenye vidio, ujumbe ni uleule: nataka siku hiyo nitoe yote, kila kitu, nimalize, nipone. Na nikimwambia taratibu kwanza ananuna, anauliza sasa kazi yako nini kama sio kusikiliza. Jamani, kusikiliza ndio kazi yangu, ila kusikiliza sio kukuacha ujichane kwa dakika hamsini halafu nikwambie asante, tuonane wiki ijayo.

Hii imani kwamba uchungu ni kama usaha, ukikamuliwa wote jipu linapona, haikuanzia mtaani peke yake, na sisi wataalamu tumechangia. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell alitoa utaratibu wa kuwakaliza pamoja wazimamoto na waokoaji baada ya tukio baya ili wasimulie walichokiona na walichokisikia moyoni. Utaratibu ukasambaa, ukaanza kutumika hata kwa manusura wenyewe, mtu mmoja mmoja, kikao kimoja, siku chache tu baada ya tukio, simulia yote nenda nyumbani. Tafiti zilipokuja kupitiwa kwa pamoja ikaonekana kikao kimoja cha hivyo hakimkingi mtu na PTSD (ile hali ya akili kuendelea kuteswa na tukio baya muda mrefu baada ya kupita), na kwenye baadhi ya hizo tafiti waliosimulishwa walikuwa na hali mbaya zaidi baadae kuliko walioachwa. Ndio maana hata mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa WHO wa 2011 unasema usimlazimishe mtu akueleze kilichomkuta. Kaa nae, msikilize akitaka kuongea, msaidie apate anachohitaji saa hiyo. Basi.

Najua kuna mtu ameshasoma soma ataniambia mbona kwenye tiba ya PTSD ya mwanasaikolojia Edna Foa mteja anasimulia, tena anarudia rudia? Ndio, anasimulia, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mpaka naumia kichwa. Kule tunachagua kumbukumbu moja, sio maisha yote, mteja anafumba macho anaieleza kama inatokea sasa hivi, anairudia, mimi namuuliza kila baada ya muda hofu iko ngapi, tunarekodi aende akasikilize nyumbani, na kabla ya kufunga tunakaa tunaongea alichogundua. Kawaida ni sesheni 8 mpaka 15 za kama dakika 90. Kinachofanya kazi ni kukaa na ile kumbukumbu muda wa kutosha mpaka mwili ujifunze kwamba kukumbuka sio kutokewa tena, na kuona kwamba yale unayojiambia (ni kosa langu, ningekimbia, ningempigia simu) hayasimami ukiyaangalia vizuri. Anaemwaga yote kwa pupa mara nyingi anakimbia, anapita juu juu, na pale penye moto wenyewe anaparuka. Halafu anatoka ametetemeka na hajajifunza kitu zaidi ya kwamba tiba inaumiza, harudi tena. Hao wasiorudi ndio wananikosesha raha.

Kuna sehemu sina jibu safi. Daktari wa akili Judith Herman mwaka 1992 aliandika kwamba tiba ya kiwewe (jeraha la moyo linaloachwa na tukio baya) inaanza na usalama, ndipo kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwenye maisha na watu, na wengi wetu tumelelewa hivyo. Lakini wapo wenzetu wanaosema, na hoja yao ina nguvu, kwamba maandalizi marefu yanamchelewesha mgonjwa bila ushahidi kwamba yanamsaidia, na pengine ni sisi tunaoiogopa hiyo stori kuliko yeye. Mimi nikiwa na mteja aliyeumizwa miaka mingi tangu utotoni bado natangulia polepole, na sijui kila mara kama namlinda yeye au najilinda mimi.

Msiba ni kitu kingine, nipite haraka. Kufiwa sio ugonjwa, na zile hatua tano za huzuni mnazotumiana (kukataa, hasira, kujadiliana, kuzama kwenye huzuni, kukubali) zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 alipokuwa anaongea na wagonjwa wanaokaribia kufa, sio wafiwa, kwa hiyo acha kujiuliza mbona hujafika hatua ya hasira. Kinachofanana zaidi na ninachokiona ni kile walichoeleza watafiti Stroebe na Schut mwaka 1999: leo unalia, kesho unashughulika na karatasi na watoto, kesho kutwa unalia tena, na kule kwenda na kurudi ndiko kuomboleza kwenyewe. Kwa hiyo ukicheka katikati ya sesheni hujamsaliti marehemu.

Sasa mtandaoni. Tiba ya vidio inafanya kazi, hata ya PTSD, hilo silibishii. Ila mimi naona uso na mabega tu. Sioni mguu unaotikisika, sioni ngumi chini ya meza, na ukinyamaza ghafla sijui umeganda au netiweki ndio imeganda. Na tukimaliza huna ile safari ya kurudi nyumbani ya kupoza kichwa, unafunga laptopu na hapo hapo mtoto anagonga mlango anataka chakula. Ndio maana kabla ya yote nakuuliza uko wapi leo, nani yupo karibu, namba gani nipige tukikatika, una hedifoni, mlango unafungika, na kama unaeishi nae ndie anaekuumiza tunakubaliana neno la kubadilisha mada akiingia. Dakika kumi za mwisho sifungui kitu kizito hata uniombe. Watu wanaona huo ni urasimu, mimi bila huo siwezi kukugusa pale panapouma.

Siku ya kwanza nipe vichwa vya habari tu: nilipata ajali, mwenzangu alifariki, silali, naogopa barabara. Inatosha kabisa kuanza nayo kazi. Na ukienda kwa mtaalamu mwingine muulize netiweki ikikatika nikiwa katikati ya kulia utafanya nini. Akibabaika, tafuta mwingine.